Karatasi ya Mapafu Ni Yako, Idai

Kila mwaka mvua zikikatika na barabara za mashamba ya miti zikianza kupitika, msimu wetu wa kupima afya za wafanyakazi unaanza. Tunapakia gari: mashine ya usikivu, chati ya macho, mizani, mashine ya presha, na kile kisanduku ambacho wengi wanakiogopa kuliko sindano, spairometa. Mimi ni tabibu, na kwenye timu kisanduku hicho ndicho kazi yangu. Nimekaa nacho kwenye viwanda vya mbao Mufindi, viwanda vya chai, maghala ya kahawa Mbozi, mashine za mpunga Mbarali na machimbo ya upande wa Chunya. Watu wa huku wanakiita kipimo cha mapafu, au kwa mkato tu, kupuliza.

Kinachonisukuma kuandika ni kile kinachofuata mtu akishapuliza. Mashine inatoa karatasi. Karatasi inaingia kwenye faili, faili linaingia kabatini ofisi ya utumishi, na mfanyakazi anaambiwa "uko fiti" anarudi kwenye msumeno. Mwaka unaofuata tunakuja tena, karatasi nyingine inaingia kabati lilelile. Mara nyingi hakuna anayezitoa karatasi hizo mbili akazilaza mezani na kuuliza: huyu mtu pumzi yake inaelekea wapi? Bila swali hilo, kipimo kizima kimetufaa kidogo sana.

Kwanza nieleze kupuliza kwenyewe, maana kuna maneno mengi mitaani. Unakaa wima, mkanda umelegezwa, pua imebanwa kwa kibanio. Unavuta hewa mpaka isiingie tena hata tone, unafumba midomo kuzunguka kifaa cha mdomoni pasivuje, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote, ghafla, na unaendelea kusukuma hata pale unapoona imekwisha. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwenye sekunde ya pili mtu anahisi ameishiwa, kumbe bado ana hewa ya kutosha. Kwa hiyo mimi hupiga kelele: "Puliza! Endelea, endelea, bado ipo, sukuma, sukuma!" Kumpigia kelele mtu anayelingana na baba yangu si jambo dogo, kwa hiyo kabla ya kuanza namwamkia, namweleza, na kumwomba radhi mapema. Wazee wengi hucheka, na mzee aliyecheka hupuliza vizuri kuliko aliyekaza uso.

Tunahitaji mipulizo mitatu safi, na miwili iliyo bora isipishane kwa zaidi ya mililita 150. Ikifika minane bila kupatana, tunaacha. Mtu amechoka na namba zitazidi kuharibika. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au tumbo hivi karibuni, aliyepata shambulio la moyo, anayekohoa damu, au ambaye tunamshuku kuwa na kifua kikuu, huyo hapulizi siku hiyo. Anapelekwa kwanza panapostahili.

Kwenye karatasi tazama namba mbili. FVC ni hewa yote uliyoweza kuitoa. FEV1 ni ile iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Kijana mwenye afya hutoa robo tatu ya hewa yake au zaidi katika sekunde hiyo moja. Njia za hewa zikibana, kwa pumu au kwa miaka ya vumbi na moshi, sekunde ya kwanza ndiyo inayopungua. Mapafu yakikakamaa au yakiwa na makovu, kama ya vumbi la mawe au ya kifua kikuu cha zamani, inapungua hewa yote kwa jumla.

Mashine haipimi pombe. Nalisema hili kila kiwanda, kwa sababu wamezoea kuona askari wa barabarani akimpulizisha dereva, na wapo wanaojificha chooni siku ya kupima kwa kuwa jana yake walikunywa ulanzi. Haipimi bangi wala virusi vya UKIMWI. Inapima wingi wa hewa na mwendo wake, basi.

Lingine ni maziwa. Kuna viwanda vinagawa maziwa kwa watu wa vumbi, na wafanyakazi wanaamini kwa dhati kwamba yanasafisha mapafu. Maziwa ni chakula kizuri na sina ugomvi na anayeyanywa. Lakini maziwa yanakwenda tumboni na vumbi limekwenda kifuani, njia mbili tofauti. Kinachoniumiza ni pale pakiti ya maziwa inaposhika nafasi ya feni ya kunyonya vumbi. Nimeona bajeti ya maziwa ya mwaka mzima mahali ambapo bomba la kunyonya vumbi lilikuwa limeziba kitambo na hakuna aliyelifungua.

Sasa nimweleze fundi mmoja, bila jina lake wala la kiwanda.

Alikuwa fundi wa msumeno mkubwa, umri miaka 41, urefu sentimita 178, hajawahi kuvuta sigara, kifua kipana cha mtu aliyecheza mpira ujanani. Alipuliza vizuri tangu mara ya kwanza. FEV1 lita 3.2, yaani asilimia 86 ya kinachotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chake. FVC lita 4.3. Mashine ikaandika kwamba ni kawaida, na kwa utaratibu wa foleni angeinuka akaja mwingine. Lakini alitoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne, ameihifadhi ndani ya kava la kadi ya bima, imeanza kugeuka rangi kwenye mikunjo. "Dokta, hii nilipewa kule nilikoanzia kazi. Sijui kama ina msaada."

Ilikuwa ya miaka saba nyuma. FEV1 lita 4.1.

Mtu mzima asiyevuta sigara wala kuvuta vumbi hupoteza kwa wastani kama mililita 30 za FEV1 kwa mwaka. Miaka saba ni kama mililita 200, huo ni uzee tu, hauna mwenye kulaumiwa. Yeye alikuwa amepoteza mililita 900. Na kwa sababu alianza na mapafu makubwa, alishuka kutoka asilimia 104 mpaka 86 akiwa bado yuko juu ya ile 80 ambayo wengi tumezoea kuifanya mstari wa hatari. Angeweza kuendelea kushuka miaka mingine na kila mwaka angeambiwa yuko fiti. Kabati la kiwanda alichokuwapo lilikuwa na karatasi zake za miaka ya karibuni, zote zimeandikwa kawaida, na zilipotolewa zikapangwa kwa tarehe, kila moja ilikuwa chini kidogo ya iliyotangulia.

Kina mama wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mtoto akipelekwa kliniki, nesi haangalii kilo za leo peke yake. Anaangalia kadi, mstari unapanda au umelala. Mtoto aliyekuwa juu mwezi uliopita na leo amelala anaulizwa maswali hata kama kilo zake bado zinapendeza. Mapafu ya mfanyakazi nayo yanataka kadi.

Miongozo ya tiba kazini inasema FEV1 ikishuka kwa asilimia 15 au zaidi, ukishaondoa kile kinachotarajiwa kupungua kwa umri, usikae kimya. Kwanza unarudia, kwa sababu mafua au mpulizo mbaya unaweza kukudanganya. Tulirudia baada ya wiki chache, namba zikawa zilezile. Nikampa dawa ya kuvuta ya salbutamol, tukasubiri dakika 15, akapuliza tena, zikapanda. Njia za hewa zilikuwa bado zinafunguka. Nikamuuliza swali ambalo ningependa kila anayepima alijue kwa moyo: ukiwa likizo kifua kinakuwaje? Akasema akienda kwao Ludewa anapumua vizuri kabisa, hata mlima anapanda. Akirudi kazini, wiki haijaisha anaanza kuamka usiku na kikohozi.

Hiyo ni sura ya pumu inayoletwa na kazi, na vumbi la mbao, la paina likiwamo, linajulikana kuileta. Nilimpa kipimo kidogo cha mkononi cha kupima kasi ya mpulizo, akawa anapuliza mara nne kwa siku na kuandika kwenye daftari, siku za kazi na siku za mapumziko. Daftari lile lilikuja limechafuka maranda, lakini halikuacha shaka: siku za kazi chini, siku za nyumbani juu. Pumu ya namna hii ikigunduliwa mapema na mtu akaondolewa kwenye vumbi, nafasi ya kupona ni nzuri zaidi. Ikicheleweshwa, inaweza kubaki naye hata akiacha kazi.

Yote hayo yaliamka kwa sababu ya karatasi iliyohifadhiwa kwenye kava la bima.

Nirudi kwenye hicho "kinachotarajiwa", kwa sababu kina historia ambayo mtu mweusi anayepulizishwa ana haki ya kuijua. Daktari John Hutchinson wa London alitangaza mashine yake mwaka 1846, baada ya kupima zaidi ya watu 2,000. Ndiye aliyeonyesha kwamba hewa ya mapafu inakwenda na kimo cha mtu, na hadi leo tunaingiza umri, jinsia na urefu kabla ya kupuliza. Miaka michache baadaye, kusini mwa Marekani, daktari Samuel Cartwright aliichukua mashine ya namna hiyo akaandika kwamba mapafu ya watumwa weusi yana upungufu wa kama sehemu moja ya tano, na akaitumia hoja hiyo kutetea utumwa: eti kazi ya kulazimishwa inawafaa kiafya. Wazo hilo halikufa na utumwa. Kwa miongo mingi mashine zilikuwa zinashusha kinachotarajiwa kwa mtu mweusi kwa asilimia 10 hadi 15, kana kwamba ni jambo la maumbile, bila kuuliza juu ya umaskini, moshi, lishe na kazi za vumbi. Ni mwaka 2022 tu ndipo yalipotolewa majedwali ya kimataifa ya kinachotarajiwa yasiyouliza rangi, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikapendekeza yatumike.

Mashine nyingi bado zina ule ukurasa wa kuchagua asili ya mtu. Fundi wangu, kwa jedwali moja ana asilimia 86. Kwa jingine angepata asilimia nyingine. Mapafu ni yaleyale na vumbi ni lilelile. Mimi natumia lisilouliza rangi, na naandika jina la jedwali kwenye kila karatasi ili atakayepima mwakani asilinganishe vitu viwili tofauti. Lakini ile lita 4.1 ya miaka saba nyuma haikuhitaji jedwali la mtu yeyote, maana ilikuwa pumzi yake mwenyewe.

Ulinganisho huo una sharti moja: namba ziwe za kuaminika, na hapa ndipo nawasumbua wenzangu kila asubuhi. Kabla ya mtu wa kwanza, mashine inasukumiwa hewa kwa sirinji ya lita tatu, na isome kati ya 2.91 na 3.09. Nje ya hapo hatuanzi. Kisha kuna baridi. Mafinga mwezi wa sita na wa saba asubuhi siyo mahali pa kupimia mapafu kwenye banda la wazi. Hewa inatoka kifuani ikiwa na nyuzi 37, inapoa na kusinyaa, na mashine inalazimika kukokotoa kurudisha kipimo sahihi. Miongozo ya zamani ilitahadharisha juu ya kupima chini ya nyuzi 17. Kwa hiyo naomba chumba chenye mlango, natundika kipimajoto, nasubiri jua. Jiko la mkaa la kupashia chumba sikubali hata likiletwa kwa ukarimu, kwa sababu sitaki moshi kwenye chumba cha kupimia kifua. Meneja mmoja aliniona nachelewesha uzalishaji. Nikamweleza kwamba kosa la mililita 200 leo ni tuhuma ya bure kesho, au ugonjwa uliofichika, na vyote viwili vitamgharimu.

Kwa watu wa mawe nina neno zaidi. Vumbi la jiwe lenye silika, lile linaloruka mtu akichoronga au kusaga mawe ya dhahabu, linaacha makovu kwenye mapafu yasiyofutika, hakuna dawa ya kuyaondoa, na linamfungulia kifua kikuu mlango. Ugonjwa huo unaweza kuonekana kwenye eksirei wakati mpulizo bado ni mzuri. Mchimbaji akipulizishwa tu na kuruhusiwa, amepimwa nusu. Watafiti wa Muhimbili akiwamo Simon Mamuya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei, waliwapima wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kiwira mwanzoni mwa miaka ya 2000, vumbi wanalovuta na pumzi zao. Waliokuwa kwenye kufungua njia mpya chini ya ardhi ndio waliokuwa wanavuta vumbi na silika nyingi kuliko wenzao wote. Kwa hiyo kazi ya mtu ndani ya mgodi iandikwe kwenye fomu kwa usahihi. Kuandika "mchimbaji" na kuishia hapo hakumsaidii mtu.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wasimamizi. Kipimo cha kabla ya kuanza ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, nacho ndicho kinachorukwa kuliko vyote, kwa sababu mwajiri anataka mtu aanze kesho. Bila hicho, fundi wangu asingekuwa na 4.1. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake unalipwa na mwajiri na haukatwi kwenye mshahara wako. Magonjwa yanayotokana na kazi yamo, si ajali peke yake. Ila kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na kazi kunataka ushahidi wa ulivyokuwa kabla, na ushahidi huo ni karatasi.

Hofu ya kufukuzwa naielewa, nimeiona machoni mwa watu. Mama mmoja wa kiwanda cha chai alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nina watoto shule, niandikie vizuri." Mwajiri anachostahili kujua ni kama mtu anafaa kwa kazi hiyo, anafaa kwa masharti, au hafai, habari za ugonjwa wake ni zake na mganga wake. Na jibu la kwanza kwa mapafu yanayoshuka ni kulipunguza vumbi: feni ifanye kazi, maji yamwagwe, sakafu ifagiliwe ikiwa mbichi, na ule mtindo wa kusafisha mashine na nguo kwa hewa ya kompresa uachwe leo hii. Barakoa inakuja mwisho, tena ile ya kuzuia vumbi hasa, wala leso iliyofungwa usoni haihesabiki. Fundi yule alihamishiwa uwanjani kupanga mbao kwa madaraja ya ubora, mshahara uleule. Bomba la kunyonya vumbi kiwandani kwake lilizibuliwa baada ya yeye kuugua, wakati wenzake watatu wa zamu ile tayari walikuwa wanakohoa.

Wanaonikosesha usingizi zaidi ni wale ambao kisanduku changu hakiwafikii. Ukitoka barabara kuu ukaingia ndani, kuelekea vijiji vya Mufindi, Kilolo na Njombe, utasikia dingdong, zile mashine za kupasulia mbao zinazohamishika, zinalia kila bonde. Vijana wanapasua magogo ya paina na milingoti (mikaratusi) ya watu binafsi, wanalipwa kwa idadi ya mbao, wanalala kwenye kambi za mabanzi, wanapikia maranda, na mashine ikimaliza shamba inahama nao. Hawana mkataba, hawana faili, hakuna ofisi ya utumishi ya kuweka kabati. Kwenye orodha ninayoletewa na waajiri hawamo kabisa, wakati vumbi wanalovuta halipungui lile la kiwandani, na usiku wanaongeza moshi.

Kila lori la mbao linalotoka kwenye vijiji hivyo linalipa ushuru wa halmashauri. Naomba sehemu ndogo ya ushuru huo inunue spairometa moja kwa hospitali ya wilaya, sirinji yake ya lita tatu, vifaa vya mdomoni vya kutumia mara moja, na ilipie mafunzo ya muuguzi mmoja atakayezunguka kambi kwa kambi wakati wa kiangazi. Kila kijana apulizishwe anapoanza, apewe karatasi yake mkononi, na namba ziandikwe pia kwenye daftari la zahanati ya kijiji ili asipozitunza yeye zitunzwe na kijiji. Nimeshaongea na diwani wetu. Ameniomba nimwandikie gharama kwa hesabu kamili kabla ya vikao vya bajeti, na bei za mashine nimeshaanza kuziulizia Dar es Salaam na Mbeya mjini. Kama uko Makambako, Mafinga, Tukuyu au Mbozi na umewahi kununua au kutengenezesha spairometa, niandikie bei uliyolipa na kama vipuri vilipatikana.